Vidio Yangu Ilimwokoa Mpwa Wangu, Na Sitaki Pongezi Zenu

Wasee, kuna kitu nimekimeza tangu mwaka jana na leo nakitoa. Najua kuna watu wataacha kunifuata nikimaliza. Sawa tu.

Mliokuwa hapa mwaka jana mnakumbuka ile vidio. Sekunde 58. Mtoto wa wiki 8, mirija puani, kifua kinapanda na kushuka kama cha kuku aliyekimbizwa, chini nambari ya Paybill, na mimi nikiongea huku sauti inakatika. Kwa siku tatu ilifika watazamaji laki 4. Pesa zikaingia. Finje, soo, thao. Kuna mtu alituma bob 11 akaandika "ndio niko nayo". Mtoto akafanyiwa upasuaji. Yuko hai. Saa hii naandika, ako kwa zulia anatafuna waya wa chaja yangu.

Na kila mtu akiniambia "buda, uliokoa maisha", nataka ardhi inimeze.

Kabla hamjaingia kwa komenti: ndiyo, mimi si daktari. Niliacha chuo mwaka wa pili nikisomea takwimu, nusu juu ya karo, nusu juu ya uvivu, tuseme ukweli. Haya yote nilielezwa na daktari mmoja mwenye subira aliyenichorea moyo nyuma ya risiti ya chakula, halafu nikasoma mwenyewe usiku, wiki nyingi, kwa bando za kukopa. Kwa hivyo kaeni chini dakika mbili tuingie kwa kifua cha mtoto, juu bila hapo hamtaelewa kwa nini nina hasira.

Damu iliyochoka hurudi upande wa kulia wa moyo. Inasukumwa kwa mapafu, inachukua oksijeni, kisha inarudi upande wa kushoto kwa mishipa minne, miwili kutoka kila pafu. Kushoto ndiko inasukumwa ienee mwili mzima. Hiyo mishipa minne ndiyo stori yote. Kwa mpwa wangu, yote minne ilikosea nyumba. Ilikutana nyuma ya moyo ikawa kama mfuko mmoja, na huo mfuko ukatafuta njia ya juu, ukamwaga damu upande wa kulia, kule kule ilikotoka. Ni kama kufua nguo halafu unairudisha kwa beseni la maji machafu. Kilichomweka hai ni tundu dogo kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo, lile ambalo kila mtoto hukaa nalo tumboni na ambalo kwa kawaida hujifunga baadaye. Damu iliyochanganyika, nusu safi nusu chafu, ilipenya hapo ikaenda kushoto, ikamtosha kuishi. Kuishi tu. Haikutosha kunyonya bila kutoka jasho.

Madaktari wanaiita TAPVC. Kuna aina kadhaa na sitawachosha nazo, ila moja lazima mjue. Kuna watoto ambao hiyo mishipa inateremka chini, inatoboa ule msuli unaotenga kifua na tumbo, inaenda kuishia kwa ini. Damu inabanwa huko, haitoki, mapafu yanajaa maji. Hao hawana wiki 8. Wengine wana siku chache, wengine saa. Ni mojawapo ya dharura kubwa kabisa za upasuaji wa moyo wa watoto, juu dawa nyingi zinazowapa nafuu watoto wengine wenye kasoro za moyo, kwa hawa hazisaidii. Kinachosaidia ni kisu.

Sasa turudi kwa dadangu.

Alijifungua salama, kilo 3 na kidogo, akaruhusiwa siku ya pili. Wiki ya pili mtoto akaanza kupumua mbio. Akinyonya anaachia, anapumua, ananyonya tena, kichwa kimelowa jasho kama amebeba gunia. Tukaenda kituo kimoja cha mtaa. "Mama, ni kifua tu, si unaona baridi ya mwezi huu?" Antibayotiki. Wiki ya nne, nimonia. Antibayotiki nyingine na kulazwa siku tano. Wiki ya sita, nimonia tena. Jirani wa ploti akasema ni kilimi, apelekwe kwa mzee fulani akakatwe. Mathe yangu naye akasema dadangu hamfuniki mtoto vizuri, na hao wawili wakakosana wiki nzima kwa sababu ya blanketi.

Sijasema hao wahudumu ni wajinga. Hapo ndipo wengi mnakosea mkisikia stori kama hii, mnataka jina la hospitali mkaitukane. Sitawapa. Huu ugonjwa ni mjanja. Mara nyingi hauna ile sauti kubwa ya moyo ambayo daktari angeisikia kwa vifaa vyake masikioni. Mapafu yakipigwa picha yanaweza kuonekana kama ya nimonia. Na vitabu vinasema mtoto atabadilika rangi, atakuwa bluu. Bluu kwa ngozi ya nani? Mpwa wangu ni mweusi kama mimi. Ukitaka kuona hiyo bluu kwetu ni ulimi na ufizi, kwa mwanga mzuri, na uwe unaitafuta. Ile wodi ya kwanza balbu mbili zilikuwa zimeungua.

Lakini kuna kitu hakijali rangi ya balbu wala uchovu wa nesi aliyekesha. Mnakijua wote. Wakati wa Korona kilikuwa kila nyumba yenye pesa kidogo: kidude cha kubana kidole, taa nyekundu, kinakuambia oksijeni yako ni ngapi. Wazo lake lilitoka kwa injinia Mjapani, Takuo Aoyagi, miaka ya 1970. Kwa mtoto mchanga hutumii kile cha kubana. Kuna kingine laini kinafungwa kama plasta. Mtoto akishafikisha saa 24, unakifunga mkono wa kulia, kisha mguu. Dakika chache, hakuna sindano, hakuna damu. Chini ya 90, usimwache atoke. Ikiwa 95 na zaidi, na mkono na mguu havijapishana zaidi ya 3, amepita. Katikati hapo, unarudia baada ya saa moja.

Basi. Hicho ndicho kipimo.

Nilichukua kile kijitabu cha kliniki cha dadangu nikakisoma ukurasa kwa ukurasa. Uzito upo. Chanjo ya kwanza ipo, na sahihi. Namba ya oksijeni ya siku alipotoka, hakuna. Hakuna aliyempima. Alipopimwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na wiki 7, na skrini ilisoma 81. Daktari aliyemwona hakusema neno, aliinuka tu akaenda kuita mwenzake. Siku hiyo hiyo akapigwa eko, ile skani ya moyo, na jioni tukawa tumejua.

Wiki 7. Watoto wenye hii hali wasipofanyiwa upasuaji, karibu 8 kati ya 10 hawafikishi mwaka mmoja. Wakifanyiwa mapema mahali panapojua kazi, zaidi ya 9 kati ya 10 wanatoka wodini wakiwa hai. Kati ya hizo namba mbili kuna kidude cha plasta kwa mguu.

Ndio nikafika na vidio yangu. Na sasa ndio mnisikize vizuri.

Kwa wodi tuliyopelekwa, hospitali ya rufaa, kulikuwa na mama mwingine kitanda cha karibu na dirisha. Ametoka kaunti ya mbali, simu yake ni kabambe, ile ya tochi. Mtoto wake alikuwa na shida hiyo hiyo ya mishipa minne, na usidhani ni miujiza kukutana nao, juu wote wa nchi nzima wanasukumwa kwa wodi chache hizo hizo. Usiku wa pili aliniona nikiangalia namba za watazamaji zikipanda. Akasema, polepole sana, "Kijana wangu, na mimi unaweza kunitengenezea hiyo kitu ya simu?"

Nikamwambia, "Ndiyo mathe, lakini ngoja kidogo ya kwetu itulie. Nikiweka zote mbili pamoja zitauana."

Hiyo ni sentensi yangu. Nimeiandika neno kwa neno. Na kwa kazi yangu ni kweli kabisa: ukiweka vidio mbili za mtoto mgonjwa wiki moja, ya pili inakufa. Watu wamechoka kulia. Algoridimu inaona mmechoka.

Mtoto wake alifariki siku iliyofuata, alfajiri. Yule mama alikunja leso zake, akaja akamshika mpwa wangu kichwani, akamwombea. Halafu akaenda kutafuta gari la kurudisha mwili nyumbani.

Labda hangeokoka hata ningepost usiku ule ule. Pesa hazingefika kabla ya asubuhi. Najua. Lakini kwa dakika moja, kijana wa miaka 22 aliyeacha chuo alikaa kwa kiti cha plastiki akaamua mtoto gani aanze kuombewa pesa, na akaamua kwa kuangalia nini kitavuma. Na hakuna mtu alishtuka, hata mimi. Hivyo ndivyo tumezoea nchi hii. Tumeweka foleni ya chumba cha upasuaji mikononi mwa watu wa kontenti.

Sasa nije kwenu, na kwa wenzangu wenye kurasa kubwa.

Tunapenda sana kujisifu. "Wakenya tukiamua tunaweza." "Hii ndio Kenya naipenda." Mtoto akipona tunaweka picha mbili, kabla na baada, na wimbo wa injili chini. Na mimi niliweka. Ilipata laiki kuliko vidio ya kwanza. Lakini niambieni, mimi niliyesoma takwimu nusu: ni wangapi hawakufika kwa skrini yako? Inakadiriwa hii hali inampata kama mtoto 1 kwa kila 10,000. Kenya huzaliwa zaidi ya watoto milioni 1 kila mwaka. Hao ni 100 na zaidi, kila mwaka, wa aina hii moja pekee. Ukichukua kasoro zote za moyo za kuzaliwa nazo, ni karibu 8 kwa kila 1,000, yaani zaidi ya 8,000 kwa mwaka. Mimi niko kwa simu masaa 14 kwa siku, ni kazi yangu. Mwaka jana niliona vidio mbili za watoto wenye huu ugonjwa wa mishipa ya mapafu. Moja ilikuwa yangu.

Wengine walitibiwa kimya kimya, Mungu awabariki waliolipa. Na wengine wako chini ya udongo na kwa cheti imeandikwa nimonia. Hao huwezi kuwachangia, juu hakuna aliyejua.

Harambee humsaidia mtoto aliyegunduliwa. Haigundui mtoto. Sijui niseme vipi ndio iingie. Mnaweza kujaza Paybill mpaka ipasuke, na kule wodi ya kujifungua mtoto wa siku mbili bado atavaa kofia ya sufi, atoke nje ya geti, mishipa yake minne ikimwaga damu mahali pabaya, na nesi anampungia mkono.

Halafu kuna nyinyi wa "mpeleke India". Manze. Nilihesabu komenti 300 na kitu zilizosema India, nikaacha kuhesabu. India wana hospitali kubwa za moyo na wamewatibu Wakenya wengi, hilo sibishi. Lakini fikirieni mnachosema. Mtoto wa wiki 8 hana pasipoti. Ndani ya ndege hewa inakuwa nyembamba kama uko kwa mlima wa zaidi ya mita 2,000, na huyu oksijeni yake ni 81 akiwa Nairobi amelala. Yule wa mishipa ya ini hata kufika uwanja wa ndege ni ndoto. Na jambo lenyewe ni kwamba upasuaji huu si siri ya Wahindi. Huko Los Angeles, William Muller alijaribu kurekebisha sehemu yake 1951. Huko Minnesota, Lewis na Varco waliurekebisha wote 1956, na mwaka huo huo wengine wakaufanya wakitumia mashine ya kupumzisha moyo. 1956! Mwaka ambao Kimathi alikamatwa. Babu zetu walikuwa bado wanatembea na kipande, na tayari kuna mtu duniani alikuwa anajua kuirudisha hiyo mishipa mahali pake.

Na hapa nyumbani kunao wanaojua. Mpwa wangu hakutoka Nairobi. Moyo wa mtoto hufanyiwa upasuaji Kenyatta, Mater, Aga Khan, hata Tenwek kule Bomet, mbali na majengo ya vioo. Watanzania wana taasisi yao nzima ya moyo Dar es Salaam, ya Jakaya Kikwete, tangu 2015. Kinachokosekana ni vitanda vya ICU, manesi wa ICU ya watoto, na pesa ya kuendesha chumba siku tano kwa wiki. Mikono ipo. Sisi huimba India juu India inapendeza kwa kepsheni.

Niwaambie mikono yenyewe ilifanya nini. Unafungua mfupa wa kifua. Moyo wa mtoto ni saizi ya ngumi yake. Shika ngumi ya mtoto wa miezi miwili halafu ufikirie kushona ndani yake. Damu inapitishwa kwa mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Mwili unapozwa, wakati mwingine hadi nyuzi 18, ndio ubongo usidai oksijeni sana. Moyo unasimama. Daktari anauinua, anaupata ule mfuko nyuma, anaupasua, anapasua na ukuta wa chumba cha kushoto, anashona mdomo kwa mdomo kwa uzi ambao bila miwani ya kukuza huuoni. Anaziba lile tundu, na ile njia mbaya ya damu anaifunga. Halafu moyo unaamshwa. Dadangu alikaa kwa korido tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana akikunja na kukunjua soksi ya mtoto. Siku mbili za kwanza ICU zilikuwa mbaya kuliko upasuaji, juu mapafu yaliyozoea mafuriko yanaweza kubana ghafla na mtoto akaporomoka mbele yako. Mara moja yalibana. Sitaongea juu ya hiyo usiku.

Kuna mtu sasa hivi anaandika: "Nchi haina pesa ya malaria, wewe unataka kupima moyo wa mtoto 1 kati ya 10,000?" Swali zuri, bora kuliko mengi ninayopata. Jibu ni kwamba kidude hakipimi moyo. Kinapima oksijeni. Mtoto mwenye nimonia ya kweli, mwenye sumu kwa damu, mwenye mapafu yaliyokataa kufunguka, wote namba zao zinashuka, na wote unataka kuwajua kabla hawajapanda matatu ya kwenda nyumbani. Marekani walikiweka kwa orodha ya vipimo vya kila mtoto mchanga 2011. Utafiti uliochapishwa 2017 ulilinganisha majimbo, na yale yaliyolazimisha hospitali kupima yaliona vifo vya mapema vya kasoro hatari za moyo vikishuka kwa karibu theluthi moja. Theluthi, wasee. Kwa plasta.

Kwa haki nitaje na ubaya wake. Hakishiki wote. Kuna watoto wa TAPVC ambao damu yao imechanganyika vizuri kiasi kwamba wanasoma 95 na wanapita. Na kwa ngozi nyeusi hivi vidude wakati mwingine husoma juu kidogo kuliko ukweli, jambo ambalo walioviunda walipaswa kulimaliza kitambo. Kwa hivyo mama akisema "huyu mtoto anatoka jasho akinyonya", asikizwe hata kama alipita. Lakini kukosa baadhi si sababu ya kutopima yeyote. Kwa mantiki hiyo tungeng'oa breki za matatu.

Mwingine ataniambia, kupima bila uwezo wa kutibu ni ukatili, unampa mama jina la ugonjwa na huna kitanda. Hili lilinisumbua zaidi. Nilimuuliza yule daktari wa risiti. Alisema vitanda vinagawiwa kwa hesabu ya wagonjwa, na mgonjwa asiyejulikana haingii kwa hesabu. Tukiendelea kuwazika kama nimonia, kila bajeti itasema watoto wa moyo ni wachache. Na aliyegunduliwa siku ya pili ana muda: anaandikiwa foleni akiwa na nguvu, hajatafunwa na antibayotiki tatu za bure, hajafika mezani amekonda.

Kisha kuna kitu ambacho hakuna vidio itawahi kukichangia. Baada ya upasuaji, kwa karibu mtoto 1 kati ya 10, ile mishipa huanza kujibana tena pale iliposhonwa, mara nyingi ndani ya miezi 6 ya kwanza. Kovu linakua kuelekea ndani. Miaka ya 1990 madaktari wa Paris na wa Toronto walikuja na njia ya kuifungua bila kugusa mshipa wenyewe kwa uzi, unashona ukuta wa moyo kwa utando unaouzunguka, damu inajimwaga humo. Ni akili kubwa. Lakini ili ufike huko lazima mtu ajue inajibana, na kujua ni kurudi kliniki, kupigwa eko, kurudi tena. Nauli, eko, siku ya kazi iliyopotea. Mpwa wangu amepigwa eko nne tangu atoke. Ile ya pili nilijaribu kuipost nikiomba mchango. Ilipata laiki 212 na pesa ya eko nusu. Mtu mmoja aliandika, "Si huyu alishapona?"

Ndio maana nasema msinipongeze. Mlinipa mtoto mmoja na mkaona kazi imeisha, na mimi nilikubali taji.

Sisemi msitume pesa. Ukiona Paybill ya mtoto na una soo, tuma. Mimi nitakuwa nani kukukataza, nimelishwa na hizo soo. Ila tangu kugatuliwa, hospitali za kaunti ziko kwa kaunti. MCA wako ambaye hakosi matanga, muulize wodi ya kujifungua ya hapo kwenu ina vipima oksijeni vingapi vya watoto wachanga, na betri zake ziko wapi. Muulize hadharani, kwa ukurasa wake, mkiwa hamsini. Ana namba ya kila kitu hadi mahema, atapata na hii. Na wenzangu wenye wafuasi, kila mkipost mtoto mmoja wa moyo, wekeni na hilo swali chini. Litapunguza watazamaji. Najua kiasi gani, nimelijaribu.

Na kama wewe au sista yako au mpenzi wako mko karibu kujifungua, msitoke wodini kabla ya kuuliza namba mbili. Mkono wa kulia, mguu.

Wiki mbili zilizopita binamu yangu alijifungua hapa Nairobi. Nilienda siku ya kutoka, nikasimama pale kwa meza ya manesi nikajikohoza. "Samahani sista, huyu mtoto amepimwa oksijeni?"

"Wewe ni daktari?"

"Hapana. Ni anko yake."

Aliniangalia kutoka viatu hadi kichwa. Halafu akafungua droo, akatoa kile cha plasta, akakifuta, akaenda nacho kitandani. Tulisubiri. Mtoto alikuwa anapiga miayo. Mkono ukasoma 98. Mguu, 97. Nikamwomba aandike, akafungua kijitabu, akatafuta mahali, hakupata kisanduku chake, akaziandika pembeni mwa ukurasa kwa kalamu nyekundu.